Sinia la Mama Mkwe

Mpendwa Mama Raheli, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa urefu wa barua, maana zimebaki wiki mbili tu na peke yangu nimeshindwa kuamua.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na nane, nalima korosho na muhogo hapa Mpapura, shule niliishia darasa la saba. Tangu usichana nina pumu ya ngozi, inakauka kwenye viwiko, shingoni na nyuma ya magoti, inawasha mpaka najikuna damu, nimepaka kila nilichoambiwa bila nafuu, na aliyenipeleka kwa daktari wa ngozi mjini ni marehemu mume wangu Athumani. Daktari alinipa mafuta ya kupaka, akasema kwa baadhi ya watu chakula nacho huchochea, kwa hiyo tuache kimoja kimoja kwa wiki kadhaa tuangalie, naye atatufuatilia. Athumani akawa anachora kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, siku niliyojikuna anapiga mstari, siku niliyoamka salama anachora duara, tukaacha mayai pasibadilike kitu tukayarudisha, maziwa vilevile, lakini tulipoacha kamba na korosho maduara yakaanza kufuatana mpaka yakajaa mlango. Ndiyo hivyo, mkulima wa korosho nisiyekula korosho, hata kisamvu naunga kwa nazi tupu, ila ngozi ikawa laini mpaka Athumani akawa ananitania kwamba ameoa mke wa pili.

Shida ni kwamba mama yake, Bi Mwanahamisi wa Mikindani, hatukumwambia. Nilipoolewa niliogopa watu watadhani nina ugonjwa wa kuambukiza wakatae kula nami sinia moja, nikamwomba Athumani asiseme, naye hakusema. Basi tukienda kwake anapika kamba wa nazi, Athumani anakaa kushoto kwangu, na mama akinisogezea kamba yeye anapitisha mkono anawachukua wote. Mama anamwambia, "We Athumani, hata vya mkeo? Mlafi we, utapasuka!" naye anajibu, "Mama, huyu mtu wa shamba, kamba wanamtisha kwa macho yao," tunacheka wote, na jina la mlafi likamganda katika ukoo mzima. Njiani kurudi alikuwa akitafuna tangawizi, kwa sababu kamba hawakumkalia vizuri tumboni, mpaka leo nikitungua koti lake msumarini nakuta vipande vilivyokauka mfukoni.

Athumani alifariki mwaka jana kwa homa ya siku nne. Eda nilikaa kwa mama mkwe, nikala kila nilichopewa kwa kuona haya, ngozi ikapasuka mpaka shingoni na wanawake wakawa wananong'ona. Eda ilipoisha nikarudi Mpapura kwenye chakula changu, nikapona, nikaapa kwamba kile chakula sikili tena, na tangu hapo nikienda kwake nakunywa chai kavu nasema nimeshiba.

Juzi wifi yangu Husna akaja, hata kukaa hakukaa. "Wifi, mama analia kila siku. Anasema huli kwake kwa sababu unamshuku, unadhani ana mkono katika kifo cha mwanawe." Akaongeza kwamba siku ya hitima ya mwaka mama atapika kamba wa nazi mwenyewe, kwa kuwa ndicho chakula alichokipenda mwanawe, nami nitakaa naye sinia moja, na amesema mbele ya watu, "Mwenye moyo safi atakula."

Mama aliyenizaa hayupo, niliyebaki naye ni huyu. Je, nile siku hiyo moja nivumilie, au nijifanye mgonjwa nisiende? Ule mlango sijaufuta. Kuvunja kazi tuliyoifanya miaka miwili sitaki, na kumpoteza mama pia sitaki.

Saida, Mpapura.

*

Saida mwanangu, pole kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilitamani nikufinye sikio.

Nianze na rahisi. Usile. Hata kamba mmoja, hata mchuzi wake. Mwili wako umekwisha kukujibu mara mbili, mlangoni na wakati wa eda, hauhitaji kuulizwa tena ili kumridhisha mtu. Endelea na mafuta ya daktari, na usiongeze chakula kingine katika orodha ya unavyoacha bila kumwona, maana nawajua watu wa azma kama yako, huishia kula muhogo na maji. Ukihisi midomo inavimba au kifua kinabana baada ya kula, usisubiri, kimbilia hospitali. Na wasomaji wengine wenye ngozi ya kuwasha, msiige orodha ya Saida. Kila mmoja na mwili wake, muulizeni daktari.

Sasa sikio. Mama wa watu amezika mtoto, halafu kwa miezi anamwona mkwewe akisukuma sahani yake. Huku kwetu nani asiyejua kwamba asiyekula kwako ana neno na wewe? Hukumpa neno, akalitafuta mwenyewe, akapata lililo baya kuliko yote. Yeye naye amekosea, hitima ni ya kumwombea marehemu, si ya kupima mioyo kwa kamba. Lakini wewe ndiye mwenye ufunguo na umeuficha. Pumu ya ngozi haiambukizi, na haya ya bibi harusi hayakufai tena. Ukijifanya mgonjwa siku hiyo, utakuwa umewathibitishia wote.

Nenda Mikindani wiki hii, asubuhi, kabla nyumba haijajaa watu. Usimtume Husna, neno hili halitumwi. Chukua kadi yako ya kliniki na kikapu cha muhogo wako. Mwambie mama, "Nimekuja kuomba radhi kwa jambo nililokuficha," kisha mwonyeshe viwiko vyako mwenyewe. Akikasirika, mwache akasirike, usinyanyuke kwenye mkeka. Akipoa, mwombe jambo moja: siku ya hitima akupikie samaki kwa mkono wake, chungu chake peke yake, mwiko wake peke yake, kisiingie kamba wala korosho. Kamba wawe wa wageni. Wewe na yeye mkae sinia moja la samaki, ule mbele ya watu wote mpaka usafishe sinia. Hapo hakuna atakayebaki na swali. Kisha umwalike Mpapura auone ule mlango, maana mkono uliouchora ni wa mwanawe.

Na kuna la mwisho, ambalo katika barua yako ulilipitia haraka. Bi Mwanahamisi amemzika mtoto akimjua kwa jina la mlafi, na sasa anataka kumkumbuka kwa chungu cha kamba. Hajui kwamba mwanawe alikaa pale mbele yake, miaka yote, akila chakula kisichompenda ili mkewe asiaibike, na akakubali kuchekwa. Anayelijua hilo duniani ni wewe tu. Hiyo si siri yako ya kuzeeka nayo, ni mali ya mama yake. Ukivaa kwenda Mikindani, pitia lile koti msumarini, uchukue vile vipande vya tangawizi, umwekee mama kiganjani.