Wakazi wa Nyamtope Walioandikwa Kuwa Hawapo

KAMATI YA MASHINE YA JUA, KIJIJI CHA NYAMTOPE
Kikao cha dharura, Jumamosi 14 Juni 2025, Darasa la Nne, shule ya msingi.

Waliohudhuria: Bw. Ukasha Mbonde (Mwenyekiti), Bi. Maimuna Ngwele (Katibu), Bi. Mwanajuma, Bi. Hajira, Bw. Kheri (mwenye mashine ya dizeli).
Mwalikwa: Bw. Gaudens, afisa wa mradi.
Hakuhudhuria: Mzee Abdalah. Anaamia ndege shambani, wasile mpunga.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwatangazia wajumbe, akiwa amesimama wima, kwamba kiti chake kimepata mguu mpya. Makofi yalipigwa. Mwenyekiti aliendelea kusimama, kwa tahadhari.

KUMB. NA. 2/2025: YATOKANAYO
Ilikumbushwa kwamba kamati iliomba mashine ya kukoboa mpunga kwa umeme wa jua ili kijiji kiachane na dizeli, kwa sharti kwamba Bw. Kheri asipoteze riziki, bali awe ndiye mwendeshaji wa mashine mpya. Bw. Kheri alieleza kwamba kwa kuamini makubaliano hayo ameshauza injini yake.

KUMB. NA. 3/2025: HESABU YA KAYA
Bw. Gaudens alieleza kwamba wahesabuji walipita mwezi Mei, wakabisha hodi, wasijibiwe. Ripoti ikaandikwa kwamba wakazi wengi wamehama, na mashine hutolewa kwa idadi ya kaya.

Bi. Mwanajuma alisema mwezi Mei kila mtu yuko dunguni, kwenye kibanda cha juu ya nguzo, akilinda mpunga wake, na kwamba jambo hilo hata nguruwe wanalijua. Bw. Gaudens alikiri kusikia habari za madungu, ila fomu inataka nyumba yenye mlango.

Bi. Hajira aliomba maneno yake yaandikwe kama yalivyo: "Baba, bomba la gesi lilipopita shambani kwangu, wenzio walinifuata mpaka dunguni. Walipanda ngazi na viatu vyao, kuja kuniambia nisichimbe. Gesi ikaenda kuwaka mjini. Leo zamu yetu ya kupata, hatuonekani?"

Bw. Gaudens alisema yeye si mtu wa gesi. Bi. Hajira alisema suruali ni ile ile. Mwenyekiti aliomba utulivu. Haukupatikana.

KUMB. NA. 4/2025: MAAZIMIO
Mwenyekiti alipendekeza watu wote warudi majumbani siku moja wahesabiwe. Bi. Mwanajuma aliuliza kama ndege nao watapewa taarifa. Pendekezo liliondolewa.
Iliazimiwa kwa sauti moja, tena ya juu, kwamba wahesabuji warudi, wapande madunguni, na kila dungu liandikwe kuwa ni kaya.

KUMB. NA. 5/2025: MENGINEYO
Bw. Kheri aliuliza, basi mashine italetwa lini. Bw. Gaudens alisema imeshafungwa kijiji kingine na inakoboa. Alipoulizwa kwa nini hakusema tangu mwanzo, alijibu kwamba jambo hilo halikuwa kwenye ajenda.
Bw. Kheri alimwambia: "Bwana mkubwa, mimi injini nimeuza." Bw. Gaudens alisema ameliandika hilo.

KUMB. NA. 6/2025: KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa kumi alasiri. Wajumbe wa kike waliondoka kwenda kuazima vinu.

(Sahihi) Ukasha Mbonde, Mwenyekiti
(Sahihi) Maimuna Ngwele, Katibu