Geti la Buluu Chini ya Barafu

Tuyaara uko? Acha unachofanya. Mjomba wako Bahilai ametuaibisha kijiji kizima!

Si leo ilikuwa siku ya kuvuta juya, ule wavu mkubwa wa kijiji, chini ya barafu ya ziwa? Nikamwambia mapema, mbele za watu: "Mjomba, ardhi iliyoganda inayeyuka, kingo zimetitia, ziwa limetanuka. Hapo unapotaka tutoboe palikuwa malisho."

Weee! Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Binti, ziwa liko palepale alipoliacha baba yangu. Hayo ya kuyeyuka kawafundishe wenzako wa chuo."

PALEPALE. Na mtu mwenyewe tangu auze ng'ombe hajakanyaga upande ule!

Basi kiongozi wa juya ni yeye, nani atabisha? Tukatoboa mashimo sitini, mikono imekufa ganzi. Tukavuta, juya likakwama.

"Samaki hao! Vuteni!" Ndevu zimejaa barafu, kifua mbele.

Tukavuta. Juya likachanika kama shuka kuukuu, samaki wakaenda zao. Wajane waliokuja kupewa fungu lao wamesimama na magunia matupu.

Unajua kilichotoka? Tope jeusi, seng'enge, na geti. GETI, Tuyaara! Lile la buluu la malisho yake, alilolipaka rangi mwenyewe mwaka ulioolewa!

Mjomba akaliangalia, akaligusa, halafu akatugeukia akifoka: "Nani kalitupa geti langu ziwani?"

Ninavyokuandikia hivi yuko jikoni kwetu, anamhoji mama kama alimwona mwizi.