Nati za Baba

Jumatatu, 3 Juni

Kifaru yuko juu ya magogo tena. Asubuhi Baba kaliinua gari lake hilo kwa jeki, kang'oa magurudumu yote manne, kajilaza chini kama kijana. Anataka liinuke sentimita kumi zaidi: springi mpya, shokapu ndefu, tairi kubwa zenye meno. Miaka sabini na mbili! Mama kauliza, likiinuka hivyo yeye atapandaje. Baba kasema atamchongea ngazi kama ya banda la kuku. Tumecheka sana.

Nilimshikia tochi kama zamani. Utotoni aliniita Spana, kwa vile nilimpa kifaa kabla hajakitaja. Leo kaomba spana namba kumi na saba. Nikampa. Kaitazama. Kisha kaomba kumi na saba. Iko mkononi mwake!

Labda ni jua.

Jumatano, 5 Juni

Springi za mbele zimekaa. Kazi safi, sina la kusema. Lakini nimepita na beseni la nguo nikaona boliti ya shokapu ya kushoto inazunguka kwa vidole. Nikamwambia. Kasema hajamaliza.

Sawa. Ila alikuwa ameshaoga na kuvaa shati.

Jumapili, 9 Juni

Kaka kaja kula. Nilimvuta pembeni, nikamweleza. Kakasirika. Baba alikuwa fundi mkuu wa karakana ya malori miaka thelathini, eti alifungua injini macho kayafumba, leo mimi fundi cherehani nimkague? Hata cherehani zina nati.

Mchana Baba alipojilaza nikaingia chini ya gari. Kulia, nati tatu zimelegea. Kushoto, moja haipo kabisa! Nimeikuta kwenye mfuko wa ovaroli yake, pamoja na mswaki.

Nimekaza zote. Mikono inanuka grisi mpaka sasa.

Jumatatu, 10 Juni

Kajua. Kapitisha spana kwenye nati moja baada ya nyingine, kisha katoka chini ya gari polepole. Nani kagusa gari lake?

Nikasema sijui. Mwoga mimi!

Mama akaingilia: labda umekaza mwenyewe ukasahau. Alitaka kuniokoa tu. Lakini uso wa Baba! Haikuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa, akageuka, asione mtu.

Jioni katia kufuli kwenye sanduku la spana. Ufunguo kauvaa shingoni.

Alhamisi, 13 Juni

Tairi zimefungwa. Kafunga na bomba la hewa, limepanda ubavuni mpaka juu ya paa, ili injini ipumue hata maji yakifika kwenye boneti. Kifaru kapendeza, lazima niseme. Majirani wamekuja kupiga picha. Baba kasimama katikati yao, kifua mbele, anaeleza kila kitu bila kukosea neno. Nikaanza kujiuliza kama mgonjwa si mimi.

Halafu akatangaza: Jumamosi anampeleka Mama kwa Mama Mkubwa, ng'ambo ya mlima.

Barabara ile! Mawe na kona, upande mmoja ukuta, upande wa pili hakuna kitu.

Nimekwenda duka la vifaa kuomba spana za kuazima. Muuza duka kacheka — nyumbani kwa fundi mkuu mnaazima spana? Nikaona haya, nikarudi mikono mitupu. Haya za nini, sijui.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwambia Mama jikoni. Nilidhani nampa habari. Kaendelea kuosha vyombo.

"Najua. Tangu mvua za mwanzo. Kaniuliza mara mbili mama yake yuko wapi."

Bibi ana miaka ishirini kaburini.

"Basi usiende, Mama."

"Nisipoenda ataenda peke yake."

"Mkatalie hilo gari!"

"Nimnyang'anye gari abaki na nini, mwanangu?" Kajifuta mikono, kila kidole peke yake. "Nitakaa mbele. Nitamsomea njia."

Kumsomea njia! Kana kwamba tatizo ni njia.

Nikatoka uani, nimejipa moyo, nimwambie usoni. Alikuwa anafuta kioo cha mbele. Kageuka, uso umechangamka. "Ee Spana! Umekuja kumsaidia baba yako?"

Nikachukua kitambaa. Tukafuta kioo.

Jumamosi, 15 Juni

Wameondoka saa mbili asubuhi. Mama kapandia stuli, kitenge kipya, mkoba mapajani. Baba kapiga honi mara mbili.

Saa sita nikafagia pale gari liliposimama. Kando ya gogo kulikuwa na nati, ile yenye meno kama taji, na pini yake. Naijua. Ni ya tairodi, kile chuma kinachopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu ya mbele. Bila shaka aliifungua juzi ili kuyanyoosha. Bila nati, kiungo hushikwa na kubanana tu. Kwenye lami kinaweza kukaa siku nzima. Kwenye mawe —

Nikakimbia kwa Kaka. Nikamtilia nati kiganjani. Hakusema habari za cherehani. Kaitazama, kaitia mfukoni, kapiga teke pikipiki, kaondoka bila kofia. Kana kwamba akiwafikia ataifunga, basi, mambo yameisha. Pini kaiacha. Iko hapa mezani.

Simu ya Mama inaita, haipokelewi. Ya Baba inaita pia. Chumbani, juu ya kitanda.

Saa saba Mama Mkubwa kapiga. Walitakiwa kufika saa tano. Kauliza kama wameahirisha, chakula kinapoa. Nikamwambia wako njiani, Dada. Dada! Ulimi umepotea. Na mwoga tena.

Saa tisa na robo. Naandika kwa sababu mikono inataka kazi. Laiti ningesema jana. Maneno matano tu: Baba, unasahau, nakuomba usiendeshe. Hata matano hayafiki. Nilikuwa nayo mdomoni nikayafutia kioo.

Mlio barabarani!

Nimesimama, nimekaa tena. Dizeli ya Kifaru hutikisa vikombe kabatini. Huu ni mlio mwembamba. Pikipiki. Inakuja polepole, na Kaka hajui kwenda polepole, tangu azaliwe.

Imefika. Imezimwa nje ya geti.

Geti halifunguliwi.