Springi Aliyoikaza Tadei

Jumanne, 8 Mei 1956

Leo Mama Klementina wa Lumemo ameleta karakanani kwetu gramafoni ya marehemu mumewe, Tadei. Marehemu — nimeandika mimi, yeye hajalitamka neno hilo. Mtumbwi ulionekana, mtu hakuonekana.

Nilijificha nyuma ya rafu. Baba mdogo Eustaki akaniita nishike kifuniko.

Kichwa cha sauti, kile kinachoshika sindano, kimepasuka. Shemeji yake, Kasmiri, aliliangusha sanduku. Baba mdogo akasema tutatengeneza, ila kwanza tulegeze springi. Ndiyo sheria ya hapa kwetu: sanduku lililokazwa halifunguliwi. Springi inakata kidole!

Mama Klementina akalikumbatia sanduku. Alisema asubuhi ile aliyopotea, Tadei alizungusha mpini mpaka mwisho, santuri iko tayari, mara akaitwa Kivukoni kuvusha watu. Hakuipiga.

“Nguvu ya mkono wake bado imo humu, Eustaki. Tengeneza kichwa tu. Nataka niisikie mara moja. Springi usiiguse!”

Baba mdogo akarudisha bisibisi mezani. Akakubali.

Jumatano, 9 Mei

Kasmiri amepita. Anasema Jumapili ukoo unavunja matanga, vitu vinagawiwa, gramafoni ni yake. Eti shemeji amegeuza sanduku kuwa mume! Akacheka peke yake. Baba mdogo akamwambia basi lichukue leo, ulale nalo chumba kimoja, ila likizunguka lenyewe usije kunigongea mlango.

Hakulichukua.

Alhamisi, 10 Mei

Kupaa kwa Bwana. Misa, kisha kupumzika. Sanduku liko mezani. Nimepita mbali nalo.

Ijumaa, 11 Mei

Kichwa nimepewa mimi, kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba. Raba za zamani zimekauka kama mfupa. Ukizivuta kwa nguvu, kikombe chake kinameguka. Nilizichokoa polepole kwa kijiti cha mwanzi. Raba mpya nimekata kwenye mpira wa vali ya baisikeli. Kioo chake kinachotoa sauti ni cha ulanga, lile jiwe la tabaka nyembamba — nimeuchambua kwa wembe mpaka ukawa kama ganda la kitunguu. Vipande viwili vilipasuka. Nililia kidogo, baba mdogo akajifanya hakuona.

Muda wote nilihisi ile springi imebana pumzi. Kama mtu nyuma ya mlango.

Kimekubali! Ukikipuliza kinatetemeka.

Jumamosi, 12 Mei

Mama Klementina alikuja asubuhi. Tukaweka sindano mpya. Baba mdogo akanyoosha mkono kwenye breki, mama akamzuia. “Mwachie mwanangu huyu. Ana mikono mipole.”

Nikaachia breki.

Ikaimba! Safi, haikukwaruza. Mama alitazama tu sahani ya santuri ikizunguka. Katikati ya ubeti wa pili sauti ikaanza kuwa nzito, nzito zaidi, ya mtu aliye chini ya maji. Ikasimama. Baba mdogo akachukua mpini aikaze tena.

“Acha!”

Halafu akasema, taratibu kabisa, “Basi. Amekwisha kufa. Kesho wavunje matanga yao.” Akatukataza kuinua sindano mpaka Kasmiri aje mwenyewe aone iliposimama. Akatoka.

Baba mdogo amepanda baisikeli kwenda kumwita Kasmiri. Mlangoni alininong'oneza kwamba imesimama mapema mno, ilitakiwa ifike mwisho wa santuri. Grisi ya zamani imeganda, springi imenata. Nguvu kidogo bado imo ndani. “Ila usimwambie mama. Ameshatulia.”

Nimebaki peke yangu. Mvua imeanza.

Sasa hivi — duf! Ndani ya sanduku. Sahani imesogea, ikatoa nusu neno. Kimya.

Mama Klementina hajafika mbali. Namwona ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la Haidari, anangoja mvua ipite. Kanga ameifunga kichwani. Nikiita kwa nguvu atasikia, ila baba mdogo amekataza. Sijawahi kumwita mtu mzima kwa sauti.

Imesogea tena.