Siku Mama Mkwe Alipousikia Moyo Wake

Alhamisi. Mvua imeanza saa nne asubuhi na hapa Nakuru baridi imeingia hadi kwenye mifupa. Nimeomba ruhusa shuleni ninakofundisha, siko darasani. Mama mkwe wangu amelala chumba cha pili, na nimeshachungulia mara mbili kuhakikisha anapumua. Daktari alisema hakuna haja. Nimechungulia tu.

Wacha niandike ukweli kabla sijaanza kujitetea.

Kwa miaka minne ya ndoa yangu niliamini mama yake Kibet hanipendi. Mimi ni Mluhya wa hapa mjini, mjukuu wa fundi wa reli. Yeye ni mkulima wa viazi kule Olenguruone, na Kibet ndiye mtoto wake wa pekee. Kila alipokuja Nakuru alikataa kupanda hadi kwetu, ghorofa ya tatu. Alisimama langoni, akanipa maziwa, akanishika mikono yote miwili, kisha akasema ana haraka, ng'ombe wanamngoja. Nami nilikuwa nikimpigia dada yangu simu na kulalamika: huyu mama hataki hata kukanyaga nyumba yangu.

Mwezi uliopita Kibet alimleta kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Kibet alipoenda kuegesha gari, nilimshika mama mkono tukaanza kupanda. Hatukufika hata ghorofa ya kwanza. Aliketi pale pale kwenye simiti, midomo imebadilika rangi, pumzi zinakuja nusu nusu.

"Nekesa, ngoja kidogo," akasema. "Na usiambie Kibet."

Nilimwambia Kibet.

Kwa daktari wa moyo niliingia naye mimi, maana hakutaka mwanawe amwone bila blauzi. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimpaka mafuta kifuani na kupitisha kile kifaa cha kupiga picha za moyo. Alituonyesha kwenye skrini: ndani ya moyo kuna vilango vya kupitisha damu, na kimoja cha mama kilikuwa kimekakamaa, kinafunguka kidogo sana. Damu ilikuwa inarundikana nyuma yake na kulemea mapafu. Kikohozi kilitoka huko.

Kisha akafungulia sauti. Chumba kikajaa mvumo mzito, wa haraka, kama upepo unaopigana na mabati.

"Hiyo kelele ni ya mashine?" mama akauliza.

"Ni moyo wako, mama."

Alikazia macho skrini. Halafu akasema taratibu, kama anayezungumza na mgeni aliyetoka mbali kwa miguu, "Pole. Kumbe umekuwa ukifanya kazi hivi."

Niligeukia ukutani nisionekane.

Daktari alimuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo halafu viungo vikavimba. Ndiyo, alipokuwa darasa la nne. Magoti yalivimba, akakosa shule muhula mzima, na nyumbani wakasema ni uvivu. Ugonjwa ule ndio uliomwachia kovu moyoni, na kovu likaendelea kukaza miaka yote hiyo, akilima, akikamua, akimlea Kibet peke yake.

Tiba ilikuwepo. Wangepitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni, na kabaluni kadogo kangejazwa pale kwenye kilango ili kukipanua. Lakini kwanza walimmezesha kifaa kingine cha kupiga picha, kupitia kooni, kuangalia kama kuna damu iliyoganda ndani ya moyo. Ingekuwepo, baluni isingewezekana kwa sasa. Bonge dogo tu likichomoka linaweza kwenda kwenye ubongo. Tulingoja majibu kwenye benchi, Kibet akisimama na kuketi, akisimama na kuketi.

Hakukuwa na bonge.

Jumatatu, siku ya matibabu, Kibet alikuwa kwenye dirisha la mapokezi akijaza fomu. Tulibaki wawili, mama kwenye kitanda cha magurudumu, mimi nimeshika leso yake. Sijui ujasiri niliutoa wapi.

"Mama, mimi nilidhani hunipendi. Nilidhani ndiyo maana hupandi kwangu."

Alinishika mkono.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Umeolewa juzi, halafu mama wa bwana anakuja kuanguka kwa mlango yako? Nilitaka unijue nikiwa na nguvu."

Muuguzi akaja kumchukua.

Alikuwa macho muda wote, wamemtia ganzi pajani tu. Saa moja na zaidi baadaye daktari alitoka akitabasamu. Kilango kimefunguka vizuri. Kinavuja kidogo, wataendelea kukiangalia, na dawa hataziacha. Lakini shinikizo lililokuwa likilemea mapafu limeshuka.

Wodini alitakiwa alale chali, mguu umenyooka, kwa saa kadhaa. Akasinzia hivyo hivyo, kifua kimetulia. Kibet alisimama miguuni mwa kitanda akaanza kulia. Aliniambia hajawahi kumwona mama yake akilala chali. Tangu akiwa mdogo alimwona akilala ameegemea ukuta, amejaza nguo mgongoni. Alidhani kina mama wote hulala hivyo; kumbe alikuwa akitafuta pumzi.

Basi. Sisi wawili tunaompenda, mmoja aliona mazoea, mwingine akaona dharau.

Mchana huu, akiwa hapa kwetu ghorofa ya tatu, amempigia dada yake simu. Wamezungumza Kikipsigis, akicheka, na jina langu nimelisikia mara tatu. Sikuelewa mengine. Miaka minne sijajifunza hata salamu, kwa kuwa nilijiambia hakuna wa kunijibu.

Kesho, akiamka, nitamwomba anifundishe. Atanicheka matamshi. Na anicheke.