Kitanda cha Pili Melini

Thabong, Welkom
3 Februari

Dada yangu Moliehi,

Nakusalimu wewe, shemeji, na wote mnaolala chini ya paa hilo, hata yule mbuzi wako mkorofi kama bado hajauzwa. Goti linasemaje siku hizi? Mama Katleho aliporudi kutoka huko baada ya Krismasi alisema alikuona sokoni Mafeteng unatembea bila fimbo, na neno hilo lilinitosha siku nzima. Sisi huku tupo. Jua linachoma, mvua ilituchungulia mara moja ikaenda zake, na mahindi ya uani yamekunja majani. Mwanao Sello na mkewe wanakusalimu. Shemeji yako Tlali naye angekusalimu kama angejua kwamba nakuandikia.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nyumba yetu unaijua, ukinong'ona jikoni unajibiwa chumbani. Na habari yenyewe siwezi kuisema kwa mdomo, nimejaribu. Barua hii nampa Mama Katleho huyo huyo, jirani yangu, anayevuka mpaka Jumamosi na mafurushi yake ya mitumba. Isome ukiwa peke yako.

Nianze na meli, maana kwenye simu ulisikia nusu tu, ukacheka, ukasema watu wa Welkom tumechoka kukaa nchi kavu.

Zile pesa za mapafu, fidia ya Tlali kutoka mgodini, zilipotoka hatimaye, baada ya miaka yote ile ya kuambiwa rudini mwezi ujao, kila mtu humu ndani alikuwa na la kufanyia. Sello alitaka teksi. Mimi nilitaka dari, maana la chumbani limevimba kama tumbo la ng'ombe. Tlali alitusikiliza wote. Alingoja kikohozi kimwachie, akasema tunapanda meli. Tulidhani ni dawa zinazungumza. Kumbe alikuwa amekata picha gazetini, ya zile meli za starehe zinazotoka Durban, zinakwenda kugusa pwani ya Msumbiji na kurudi baada ya siku nne.

Yule Alfeu, mtu wa Inhambane huko Msumbiji, utamkumbuka. Alikuja kwenye harusi ya binti yangu Lineo na viatu vyeupe. Miaka mingi yeye na Tlali walitoboa mwamba mgodini pamoja, bega kwa bega, na huko chini gizani Alfeu alikuwa akimsimulia bahari ya kwao. Alfeu amekwisha kufa, kwa kifua hicho hicho. Tlali alisema anataka akaione bahari ile, na kwamba amekaa maisha yake yote na mawe juu ya kichwa, sasa anataka asimame mahali ambapo juu yake hakuna kitu. Sello akamjibu kwamba hata uani petu juu hakuna kitu, tena ni bure. Tlali alicheka mpaka ikabidi tumwongezee oksijeni.

Basi tukaenda mjini, kwenye ofisi ya usafiri, kwa binti mmoja anaitwa Anneke, mpole, mwenye kucha ndefu. Akatupa maelekezo. Kuna usiku mmoja watu wote wanavaa nguo za heshima, kuna bwawa la kuogelea juu ya meli, chakula unakula mpaka unachoka. Tlali akamuuliza ni mtu gani anayechoka na chakula alichokwisha kukilipia. Binti wa watu akacheka, akamletea chai.

Tangu siku hiyo nyumba hii ikawa ya safari. Tulinunua begi la bluu, kubwa, lenye magurudumu. Mimi sijawahi kumiliki begi lenye magurudumu. Tlali alikaa kibarazani na mpira wake puani, akaniamuru nilivute kutoka mlangoni hadi bombani na kurudi, aone kama linakwenda sawa. Majirani wakatoka kuangalia. Mama Katleho akauliza kutoka ng'ambo ya seng'enge kama tumefukuzwa nchini. Tlali akamjibu kwamba tumefukuzwa na kelele zake.

Akanilazimisha ninunue nguo ya kuogelea. Mimi, Puseletso, na umri huu. Nikamwambia hata kuogelea sijui. Akasema nguo haitaniuliza. Nilichagua nyeusi, yenye sketi, na nilipomwonyesha alitikisa kichwa akasema samaki wa Msumbiji watahama. Lakini aliishika muda mrefu, akipima kitambaa kwa vidole kama mtu anayenunua mahindi.

Suti yake ya harusi ya Lineo akampelekea fundi aipunguze, maana sasa inamwogelea. Siku fundi alipokuja nyumbani kumpachika pini, Mama Katleho alikuwepo, na mdomo wake unaujua. Alisema suti ya mzee wa namna hii ina safari mbili. Nilitaka kumtoa nje. Tlali akaniambia nimwache, hajasema uongo, na kitambaa ni ghali. Suti ilipokuwa tayari hakutaka niitie begini. Alisema itajikunja, akaagiza itundikwe kwenye mlango wa kabati, na mpaka leo iko hapo.

Kufunga begi alinifundisha yeye. Nilikuwa nakunja nguo kama za kuweka kabatini, akaniambia hapana, viringisha, kama tulivyokuwa tunaviringisha kwenye bweni la mgodi tukija likizo ya Krismasi, viatu chini, soksi ndani ya viatu, blauzi juu. Kila asubuhi aliamka na jambo jipya. Vidonge vya kichefuchefu. Kofia yenye kamba isipeperushwe. Biskuti za tangawizi, maana nani ajuaye wazungu wanapika nini. Mimi nikasema bila blanketi langu la kwetu siendi popote, naye akasema chukua, utawafundisha watu heshima. Dada, zilikuwa wiki nzuri. Alikuwa anakula. Alikuwa anaamka kabla yangu, ananiita, Mama Sello, njoo nimekumbuka kitu.

Niliona kwamba begi linajaa vitu vyangu. Nilimuuliza, akasema mwanamume anahitaji mashati mawili na nia njema. Nilimuuliza habari ya pasipoti, akasema Sello anaishughulikia. Nikaamini. Mtu akiwa na furaha hatafuti tundu kwenye mfuko.

Jumanne iliyopita nilikwenda mjini peke yangu. Mgao wa umeme umekuwa mbaya, na nilitaka kumuuliza Anneke kama chumbani melini kuna mahali pa kuchomeka mashine ya oksijeni, na kama umeme wa baharini nao hukatika. Aliangalia kompyuta yake. Halafu akaniangalia mimi. Akainuka kufunga mlango wa ofisi, nikajua kuna jambo.

Alisema, "Mama, Ntate Tlali hasafiri. Alikuja mwezi wa kumi na moja akabadilisha jina. Kitanda cha pili ni cha Bi Moliehi Ramakatsa. Aliniambia ni dada yako."

Nikamwambia amekosea. Akasema hakukosea, kwamba Tlali aliletwa na Sello, akiwa na mtungi wake mdogo mkononi, na kwamba hata asingebadilisha jina, meli isingempokea. Daktari wa kliniki yetu alikuwa amekwisha kumwambia hivyo, na mengine. Tlali alimwomba Anneke asinieleze. Msichana yule alilia kuliko mimi. Namba ya pasipoti yako, ile ya kuvukia mpakani, Sello aliipiga picha ulipolala kwetu mwezi wa kumi.

Nilirudi nyumbani nikamkuta anachambua maharage. Nilikaa mbele yake na kofia yangu kichwani. Akaniangalia mara moja akasema, "Umekwenda kwa Anneke."

Nikamuuliza tangu lini mimi ni mtoto wa kufichwa mambo. Aliendelea na maharage yake kwanza, halafu akanieleza taratibu, akipumzika baada ya kila maneno machache. Daktari alimwambia mapafu yamekuwa jiwe. Alimwambia asihesabu Pasaka. Inaweza kuwa wiki hii, inaweza kuwa mwezi ujao, hakuna ajuaye, ila haitakuwa rahisi. Alisema alimwona baba yake akienda hivyo hivyo, na mama yake amemshika, na mama yule tangu siku hiyo hadi anazikwa hakulaza tena ubavu. Alikuwa analala amekaa, anasikiliza. "Sitaki wewe uwe hivyo," alisema. "Ningeweza kukupeleka mwenyewe ningekupeleka. Nenda na dada yako. Ikija wakati uko kule, Sello yupo, nimemwelekeza kila kitu. Isipokuja, basi utakuwa umepumzika siku nne usinisikie nikivuta hewa."

Nikamwambia siendi. Akasema safari imelipiwa. Nikamwambia pesa na zipotee. Akasema katika maisha yetu yote amewahi kuniomba nini. Nilifikiri, dada, na ni kweli, sikukumbuka hata kimoja. Baadaye akaomba uji, nikampikia.

Kwa Sello nimekasirika na bado sijapoa, lakini hata hilo si linalonifanya nikuandikie. Linalonifanya nikuandikie sijamwambia mtu, hata mchungaji, na ukiliona baya ujue nami naliona.

Pale ofisini, Anneke alipotaja jina lako, kabla uchungu haujafika, kuna kitu kilichotangulia. Nilipumua. Nilijiona na wewe pale juu ya meli, umeshika kofia, unacheka kicheko chako cha kuamsha watoto, na mtu mwingine ndiye anayepika, na hakuna anayeniita. Ilikuwa kitambo kidogo tu, lakini nilikiona chote, na kilikuwa kitamu. Halafu ndipo nikaanza kulia, na binti yule akanishika mkono akidhani namlilia mume wangu.

Haikuishia hapo. Alhamisi mchana, Tlali akiwa amesinzia, nilijifungia chumba cha Lineo nikaivaa ile nguo ya kuogelea. Nilisimama mbele ya kioo. Nikageuka upande huu na upande ule. Nilifurahi, Moliehi. Ukutani upande wa pili nilikuwa namsikia akitafuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi, nami nilikuwa najitazama mapaja. Miaka mitatu nimemwosha, nimemlisha, nimemgeuza, na nimefanya kwa moyo, Mungu ananiona. Sikujua kwamba huku nyuma yangu kulikuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa anangoja mlango ufunguliwe.

Jumapili baada ya ibada atakupigia simu. Sello atamshikia. Atakubembeleza, na akitaka kumbembeleza mtu unamjua alivyo. Atakwambia kwamba nimechoka, kwamba nimekonda, kwamba ni ombi la mgonjwa. Atakwambia meli inaondoka Ijumaa ijayo na nauli ya basi hadi Durban imekwisha kulipwa. Nakuomba ukatae. Sema unaogopa maji, sema shemeji hataki, sema lolote, lakini usiache ufa wa kupitishia kidole.

Maana ukisema ndiyo, nitakwenda. Najijua sasa. Yeye atanisukuma, wewe utanivuta, na mimi sina nguvu ya kukataa kitu ninachokitaka hivi. Nitakwenda, nitakula, nitacheka na wewe, na yeye atakufa akimtazama Sello huku akijifanya ndivyo alivyotaka. Hataki nimwone, lakini nimeishi naye, nami najua atanitafuta kwa macho.

Na ukisema hapana nitabaki. Nitamshika mpaka mwisho kama mama yake alivyomshika baba yake, na kama ni kulala nimekaa, nitalala nimekaa. Lakini siku zile nne, meli ikiwa majini, kila nikimgeuza kitandani nitakulaumu wewe. Sitasema kwa mdomo, ila moyoni nitakulaumu, na huenda nikaendelea hata baada ya matanga, ukinipigia nikawa nakujibu kwa neno moja moja. Nakuomba unisamehe lawama hiyo mapema, kabla sijaianza.

Nisalimie shemeji na watoto, na Mama mkubwa ukipita kwake. Mwambie dawa yake ya miguu nitamtumia mwisho wa mwezi. Mama Katleho mpe chai tu, usimpe habari. Na barua hii usiijibu. Jibu lako ni hilo la Jumapili, nami nitakuwa nimesimama jikoni nikilisikiliza.

Mdogo wako,
Puseletso