Kinundu cha Mkono Wako

Mpendwa Njeri,

Heroe, wale ndege wa waridi kwenye picha ya kadi hii, nimewaona ziwani, ni wazuri, lakini nakuandikia kuhusu mkono wako. Leo darasa letu lilitembelea maabara ya chuo hapa Nakuru. Mama wa maabara alinipa zamu ya kwanza kwenye darubini, nikaona kipande cha mfupa na seli kubwa imeukalia kama bakuli lililofunikwa.

"Hiyo inakula mfupa," akasema. Ndani yake kimeng'enya kimoja huunganisha maji na ile hewa ya mapovu ya soda ili kupata asidi. Kingine huisukuma asidi hiyo chini ya bakuli mpaka mfupa uyeyuke, wala haimwagiki nje. Nilisahau kupumua!

Nikamwuliza juu ya kinundu kilichobaki mfupa wako ulipounga baada ya kuvunjika, kile unachokificha kwa sweta hata jua likiwaka.

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Basi kazi haijaisha. Mfupa ukiunga hujijaza kupita kiasi kwanza, halafu seli hizi hupunguza ziada polepole. Itachukua miezi."

"Shosho, nyanya yetu, hukikanda kwa mafuta ya kondoo kila siku."

"Ai! Mwambie shosho apumzishe vidole. Mafundi wako ndani tayari."

Mwambie kwa upole, Njeri. Nikirudi Subukia likizoni, nikukute na gauni lako la mikono mifupi. Hata sasa unaposoma, wanafanya kazi.

Nakukumbatia, mikono yote miwili,
Dada yako Wambui